Kazi Hupewa Nafasi

Tihomir Bjelić hakuzaliwa na wazimu ule. Alitumwa Belgrade kuuchukua, na hoteli ikalipiwa na kampuni. Kabla ya hapo alikuwa mtu kama sisi sote: karani wa ghala la baridi pale Arilje, nchini Serbia, ambako matunda mekundu ya rasiberi ya milima yote ile hupimwa, hugandishwa na kupakiwa malori kwenda Ujerumani. Alikunywa kahawa yake kwa kituo, alimsengenya mkurugenzi akiwa hayupo na kumchekea akitokea, na kazi ikikwama alifanya kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili timamu: alimtafuta mhusika, akamkuta nyuma ya ghala anavuta sigara, naye akavuta moja, na kazi ikaendelea.

Alirudi na kadi imening'inia shingoni, yenye jina lake na picha aliyokunja uso, na hakuivua hata Jumapili. Alirudi pia na programu ya kompyuta ya kuendesha kazi za ofisi, ambayo yeye aliiita Mfumo, kwa sauti ile ile ambayo mama yake alikuwa akiwatajia watakatifu. Akawakusanya wafanyakazi kwenye chumba cha mizani.

"Sikilizeni. Kuanzia leo kazi haipewi mtu. Kazi hupewa nafasi."

"Na hiyo nafasi itabebaje makreti, ina mikono?" akauliza mpimaji mmoja.

"Nafasi ina mtu ndani yake. Leo wewe, kesho mwingine. Mtu huumwa, mtu hufa, mtu huenda kwa shemeji yake kuchinja nguruwe akasahau kurudi. Nafasi haiumwi, haifi, wala haina shemeji."

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Jamani, hakuwa anatania.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Lori likifika, simu ya mwenye nafasi ya Mpokeaji inalia. Asipobonyeza kitufe kwa muda uliowekwa, kazi inamkimbia, inakwenda kwa kaimu wake. Kaimu naye akizubaa, inashuka kwa wa chini yake, na chini zaidi, kama maji yanavyotafuta bonde. Haiulizi uko wapi wala una nini. Na tusimwonee mtu: mwanzoni mambo yalinyooka. Malori yaliacha kungoja. Mkurugenzi Slavica, mama mkali aliyekuwa amechoka kuuliza "nani anahusika?" na kujibiwa "si mimi," alimpandisha Tihomir cheo akampa chumba chenye dirisha.

Kisha ikaja Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola. Sasa, pale Arilje nusu ya nyumba zinaye huyo kama mtakatifu wa nyumba, na nusu nyingine wamealikwa kula kwa ile nusu ya kwanza. Habaki binadamu kazini. Kila mwaka ghala lililala siku hiyo, na hata Wajerumani walishazoea. Ila Mfumo haukuwa na mtakatifu. Mkurugenzi yuko kwa mjomba wake mbele ya sahani ya samaki, simu iko ndani ya koti, koti liko kitandani chini ya makoti ya wageni wote. Kazi zikamkimbia mkurugenzi, zikamkimbia mhasibu, zikamkimbia mkuu wa mauzo na fundi mitambo, zikashuka ngazi zote hadi chini kabisa, na chini kabisa alikuwepo Gvozden.

Gvozden alikuwa mlinzi wa getini, mwanamume wa makamo, hana mke, hana ndugu wa karibu, mpole mpaka mbwa wa getini wakawa wapole pia. Siku hiyo ndiye peke yake ambaye hakualikwa popote. Simu ikalia, akabonyeza. Ikalia tena, akabonyeza tena. Hadi jioni alikuwa ameidhinisha malori ya Ujerumani, likizo ya mhasibu ya mwezi mzima na ununuzi wa mashine mpya ya kugandishia. Nyongeza ya mshahara wa mkurugenzi ndiyo pekee aliyoikataa, akidhani ni utapeli.

Kesho yake Slavica alifoka hadi getini wakamsikia. "Futa! Futa yote aliyofanya yule!"

"Hayafutiki, Mkurugenzi," akasema Tihomir, amesimama wima na kadi yake shingoni. "Aliyebonyeza alikuwa ndani ya nafasi. Tukilikana neno la nafasi leo, kesho nani atakiheshimu kitufe? Kilichobonyezwa kimebonyezwa."

Mhasibu akaenda zake likizo. Mashine ikaja. Na Tihomir, badala ya kuona alichokiona kila mtu, aliona kwamba Gvozden ndiye mfanyakazi bora aliyepata kumwona: simu ikilia anabonyeza, maswali hana. Tangu siku hiyo, kila nafasi iliyokosa kaimu, yeye alimwandika Gvozden, bila hata kuinua macho.

Nyumbani alikuwa na mke, Desanka, mwalimu wa shule ya msingi. Mungu alimpa mwanamke huyu subira nyingi na ulimi mrefu, vyote kwa pamoja. Tihomir alipombandikia ukutani jikoni karatasi yenye nafasi ya Mtupa Taka na nafasi ya Mkata Kuni, Desanka aliisoma akiwa amefuta mikono.

"Vizuri sana. Na nafasi ya mpumbavu ameishika nani? Au nayo ina kaimu?"

"Cheka tu. Siku nikifa utaona nyumba inakwenda yenyewe."

"Kwani sasa hivi inaendeshwa na nani, mume wangu?"

Mambo yalikuwa hayo, ya kuchekana, hadi mtoto wao Ognjen alipoleta nyumbani binti aitwaye Teodora na kusema Septemba wanaoana. Hapo ndipo ukaja mtihani.

Maana harusi ya kule haiwi bila somo. Somo ndiye anayemshika mtoto wa kiume siku ya ubatizo, kisha ndiye anayesimama naye na mshumaa kanisani siku ya ndoa. Hachaguliwi kama fundi wa bomba, hurithiwa. Nyumba moja husimamia nyumba nyingine, baba, mtoto, mjukuu, na watu wa nyumba hizo mbili huitana somo mpaka kaburini. Anayeombwa hakatai, kukataa ni dhambi. Na anayemvua mwenziwe usomo amewatukana waliolala makaburini pamoja na ambao hawajazaliwa. Watu wa milima ile wamegombania mipaka, visima na hata wake, wakapatana. Kwa hili hawapatani.

Somo wa nyumba ya Bjelić alikuwa Radosav wa Visoka, kijiji cha juu kabisa mlimani. Mzee mrefu, mwenye nyuki na miti ya plamu, na kiburi ambacho hakikutosha mlangoni mpaka ainame. Baba yake alimsimamia baba wa Tihomir. Yeye mwenyewe alimsimamia Tihomir. Na Ognjen alipotumbukizwa majini, Radosav ndiye aliyemshika, akalia kuliko mtoto.

"Utapanda lini kwa somo?" akauliza Desanka mwanzoni mwa Julai. Kibuyu cha mbao kilikuwa tayari mezani, amekivalisha maua na kukijaza gongo ya plamu. Kazi yenyewe ni rahisi: baba wa bwana harusi anapanda kwa miguu yake, anasimama mlangoni, anasema, "Somo, tunakuita," somo anapiga ishara ya msalaba, anakunywa, basi. Inayobaki ni kulewa.

"Msimu ndio huu, Desanka. Malori yamepanga foleni hadi darajani. Nitapanda rasiberi zikiisha."

"Na yeye angoje?"

"Hatangoja. Harusi nzima nimeiweka kwenye Mfumo. Nafasi ya Mpishi, nafasi ya Mpiga Tarumbeta, nafasi ya Somo. Nitampelekea kazi yake kwenye simu aikubali, tarehe isipotee. Kibuyu kitafuata."

Desanka alikaa chini. "Utampelekea somo nini?"

"Ujumbe tu."

"Tihomir. Kibuyu hakifuati. Kibuyu hutangulia."

"Mambo ya kizamani hayo, mke wangu."

"Hata wewe umezaliwa kwa mambo ya kizamani!"

Lakini alikwisha kutoka. Kule ofisini, malori yakipiga honi nje, aliandika: nafasi, Somo, mwenye nafasi, Radosav, muda wa kukubali, siku tatu. Akabonyeza kuhifadhi. Mfumo ukakataa. Nafasi hii haina kaimu, ukasema. Akajaribu tena, ukakataa tena. Jamani, hapo mtu mwingine angesimama akajiuliza: somo atakuwaje na kaimu? Yeye hakujiuliza. Simu ya mezani inalia, dereva anagonga dirisha, na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya. Uliandika Gvozden. Mfumo ukaridhika, yeye akaenda kupokea rasiberi, na kwa wiki nzima hakukumbuka kama ana mtoto.

Jumapili iliyofuata wako mezani wanakula, mlango ukagongwa. Ni Gvozden. Amenyoa ndevu, amechana nywele, ana shada la maua la kumpa Desanka mkono mmoja na chupa mkono wa pili, na machozi yanamtiririka kama mtu aliyekata vitunguu.

"Somo yangu!" akasema, akamkumbatia Tihomir na kumbusu mara tatu. "Ningekuja mapema, lakini nilikuwa nashughulikia suti."

Kijiko cha Desanka kilianguka ndani ya supu.

"Gvozden," akasema Tihomir taratibu, "unasema nini?"

"Nilikuwa nalisha mbwa, simu ikalia. Nikadhani lori. Nasoma: nafasi, Somo, harusi ya Ognjen Bjelić, unakubali? Nilisoma mara tatu, haki ya Mungu. Nikaweka chini sahani ya mbwa, nikanawa mikono kwanza. Siwezi kubonyeza jambo kama lile kwa mikono michafu. Nikapiga ishara ya msalaba, nikabonyeza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nyie hamjui. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyeniomba hata nimshikie mtoto njiani. Nimemuuza ndama. Suti inashonwa, kesho itakuwa tayari."

Ognjen alimtazama baba yake. Desanka alimtazama mumewe. Tihomir aliitazama supu. Mwisho Desanka akainuka, akamvutia mgeni kiti, akammiminia gongo, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akampa na bakuli la pili. Alipoondoka anaimba njiani, mlango ulipofungwa, ndipo paa lilipotaka kupaa.

"Umewafanyia nini watu wa Visoka?" Desanka alipiga kelele. "Umewafanyia nini Radosav na watoto wake? Usomo wetu umeupeleka getini!"

"Ni hitilafu ndogo. Kesho nitaisahihisha."

"Baba," akasema Ognjen, naye sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililouma zaidi. "Nataka anisimamie yule aliyenishika siku ya ubatizo. Sina ombi jingine kwenye hiyo harusi yako. Hata wapiga tarumbeta wasije."

"Atakuwepo, mwanangu. Naapa."

Kesho yake aliufungua Mfumo, akabonyeza kufuta. Kazi iliyokamilika haifutwi. Akabonyeza kubadilisha. Kazi iliyokamilika haibadilishwi. Akawapigia simu wale wa Belgrade waliomfundisha, akapokelewa na binti mwenye sauti ya asali.

"Pole sana. Umejaribu kufungua kazi mpya?"

"Dada, ndoa ni moja!"

"Basi ongeza nafasi ya pili, kaka. Huyo wa kwanza abaki Somo, huyu mwite Somo B."

Akakata simu. Akanyanyuka, akaenda getini kwa miguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu apewe chumba chenye dirisha. Njia nzima alikuwa akijitungia maneno: Gvozden, samahani, palitokea kosa. Rahisi tu. Mwanaume mzima anashindwaje kusema hivyo?

Gvozden alikuwa kwenye kibanda chake, ameshatundika suti ukutani, ndani ya nailoni.

"Gvozden, ndugu yangu. Palitokea hitilafu."

"Wapi? Nilibonyeza vizuri."

"Ulibonyeza vizuri. Si wewe. Ni mimi, yaani ni ule Mfumo, yaani…"

"Ah, Somo, usinitie hofu!" Gvozden akacheka. "Unakumbuka siku ya Mtakatifu Nikola? Mkurugenzi anafoka, futa, futa, na mimi niko hapa nasikia, nasema leo nimefukuzwa kazi. Ukasema kilichobonyezwa kimebonyezwa. Nilisikia kwa masikio yangu. Hakuna aliyewahi kunitetea vile, hata baba yangu." Akaigusa suti juu ya nailoni. "Unaionaje?"

"Imekaa vizuri," akasema Tihomir. Mwoga! Aliyekuwa akiwafundisha watu wazima kwenye chumba cha mizani! Akarudi ofisini, akafunga mlango.

Ikabaki njia moja. Akakichukua kibuyu cha Desanka, maua yameanza kunyauka, akapanda Visoka. Alifika mchana wa jua kali, shati limemganda mgongoni. Njia nzima watu waliinuka kwenye rasiberi zao kumtazama, na hakuna aliyemwambia kitu, na pale mlimani ukipita bila mtu kukutania ujue habari zako zimekutangulia.

Radosav alikuwa mlangoni. Hakusogea.

"Karibu, Bwana Bjelić."

Tangu Tihomir azaliwe, mtu huyu hakuwahi kumwita kwa jina la ukoo.

Akaketishwa. Mke wa Radosav akaleta kijiko cha jamu na glasi ya maji juu ya sinia, kama anavyoletewa mpima ardhi au mtu wa kodi. Somo haletewi jamu kwanza. Somo huingia anajimiminia mwenyewe.

"Somo," akaanza Tihomir, "nimekuja…"

"Somo nani? Hapa hakuna somo. Hapa kuna mtu aliyechelewa."

Radosav akaenda kabatini, akaitoa simu aliyoletewa na mwanawe kutoka Vienna, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Kazi hii imeondolewa kwako kwa sababu ya kuchelewa." Akaiweka mezani.

"Ujumbe wa kwanza ulipoingia," akasema, "nilimwambia mama huyu hapa: somo anakuja. Siku hizi watu hupiga hodi kwa simu kwanza. Tukachinja kondoo. Nikavaa shati jeupe, nikakaa pale kwenye benchi. Kutwa. Na kesho yake kutwa. Majirani wanapita, wanauliza, Radosav, leo sikukuu gani? Nasema, namngoja somo yangu anakuja na kibuyu. Najisifu, mjinga mimi! Siku ya tatu ikalia tena. Umechelewa, inaniambia. Mimi! Nimekaa pale kama bibi harusi, naambiwa nimechelewa!"

"Hukukusudiwa wewe," Tihomir akasema haraka. "Unajua, Mfumo haumjui mtu. Unajua nafasi tu. Mtu asipobonyeza…"

Alijisikia anavyosema. Alimwona mke wa Radosav akigeuza uso ukutani. Akaliacha neno katikati.

"Nafasi," Radosav akarudia. "Miaka yote hii mimi nilidhani nakaa mezani kwako kama mtu."

"Nimekosa, Somo." Akakishika kibuyu. "Nimekosa, nisamehe. Nitamwambia Gvozden. Leo hii nitamwambia. Kunywa tu, nakuomba, Ognjen anakutaka wewe."

Akakisukuma kibuyu. Mkono wa Radosav uliinuka kidogo kutoka gotini. Nawaambia, uliinuka. Ukashuka.

"Utamwambia nini? Umemwomba mtu, akakubali, akauza mnyama wake. Utamwambia hakuwa mtu, alikuwa kitufe? Ukamnyang'anya yule asiye na mtu ili unirudishie mimi, halafu mimi nikasimame mbele ya altare kama nani? Kama kaimu wa mlinzi wa geti?" Mishipa ya shingo ilimtoka. "Radosav wa Visoka hawi kaimu wa mtu! Nilishawaambia hivyo watu wote mlimani, na sitarudi nikameze mate yangu."

Kiburi, ndiyo. Nani alisema hakuwa na kiburi? Angeweza kunywa funda moja yakaisha. Lakini mwenye kiburi ukimkanyaga hurudi nacho maradufu, na aliyekanyaga hana wa kumlaumu.

"Harusini nitakuja," Radosav akasema akimfungulia mlango. "Mtoto nilimshika mimi. Nitakaa na wageni."

Basi Tihomir akateremka Visoka na kibuyu kimejaa, kinagota pajani, mbele ya macho ya watu wote walioinama kwenye rasiberi. Heri ushuke umelewa, umeanguka, umebebwa kwenye toroli. Watu watacheka na kusahau. Kibuyu kilichojaa kikishuka mlima hakisahauliwi. Desanka alimwona kutoka dirishani. Akakipokea kibuyu mlangoni, akakirudisha mezani palepale, bado kimejaa. Ognjen aliambiwa jioni. Akauliza tu kama mlinzi anajua kusoma sala, akaambiwa anajua, akasema basi.

Ikawa Septemba, Jumamosi ya jua la kupendeza. Tarumbeta zilikuja. Gvozden alisimama kushoto kwa Ognjen ndani ya suti ya kahawia iliyombana kwapani, ameshika mshumaa, nta inamdondokea kwenye mkono naye hahisi. Alipoulizwa na padre alijibu kwa sauti kubwa hivi kwamba bibi vizee wa nyuma waliruka. Alilia mwanzo hadi mwisho. Kuna waliocheka, lakini si wengi, maana haikuwa rahisi kumcheka. Mkurugenzi Slavica alikuwa amekaa mbele na kofia, anamwambia jirani yake kwamba kwa kweli Mfumo umefanya kazi vizuri kabisa.

Radosav alisimama nyuma, karibu na mlango, shati jeupe, koti limefungwa vifungo vyote. Tihomir hakuitazama altare hata mara moja. Alitazama mlangoni.

Walipotoka nje watoto walikuwa tayari wamejipanga uani, kama ilivyo desturi, na mmoja alipoanza wote wakaitikia: "Somo, mfuko unaungua! Somo, mfuko unaungua!" Hapo somo hurusha sarafu, nao watoto hugombania, na mfuko wa somo haupaswi kuisha kabla ya koo za watoto. Gvozden hakuwahi kufanya jambo lile. Kwa furaha alichota sarafu zake zote kwa mikono miwili, akazirusha mara moja angani. Zikameremeta, zikaanguka, zikaokotwa, zikaisha. Watoto wakarudi. "Somo, mfuko unaungua!" Akaingiza mkono mfuko huu, akaingiza mfuko ule, akaugeuza nje. Uso ukamwiva. Watu wakaanza kutazamana, na mmoja nyuma akaguna.

Tihomir alimwona Radosav. Tangu kelele za kwanza mkono wa mzee ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na mfuko ulikuwa umevimba. Alikuja nazo. Aliteremka nazo kutoka Visoka, asiye somo wa mtu, amejaza mfuko kama alivyojaza siku ya harusi ya Tihomir. Akasukuma watu wawili, akafika nyuma ya Gvozden, akamtilia kiganjani fungu la sarafu kwa chini, watu wasione.

"Shika, Somo," akasema. "Kidogo kidogo. Rusha chache, ngoja walie, rusha nyingine. Wewe ndiye unayewaongoza."

Gvozden akarusha chache. Watoto wakapiga kelele. Akarusha nyingine, na sasa alikuwa anacheka, na Radosav alikuwa anamtilia tena kwa chini, na watu wote wakapiga makofi.

Tihomir alishindwa kuvumilia. Alipita katikati ya watoto, akakanyaga sarafu, akafika nyuma ya mgongo ule mrefu aliokuwa ameujua tangu akiwa mdogo wa kubebwa.

"Somo," akaita.

"Naam, somo yangu!" akaitika Gvozden, akigeuka na uso wote unacheka, mikono wazi.

Radosav hakugeuka. Aliumwaga mfuko wake hadi sarafu ya mwisho kwenye kiganja cha Gvozden, akafunga kifungo cha koti, akaenda kutafuta kiti chake kati ya wageni.